Mgongo wa Shangazi

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu kazi yake ya kila siku ilikuwa kupinda: sare za shule, mapazia, suruali za wanaume walionunua kwa kukadiria. Shule hakuikalia sana, ila jicho alikuwa nalo. Mteja hajavuka kizingiti, yeye ameshaona bega lipi limeshuka na mguu upi umemzidi mwenzake. Shida ni kwamba jicho hilohilo lilimwonyesha pia mabaya ambayo hayajatokea. Mtoto akikohoa mara moja, yeye ameshasikia kikohozi cha wiki nzima. Breki zikilia barabarani, anaanza kujiuliza nani wa nyumba yake yuko nje. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi naye nyumba moja wakitaniana tangu chai ya asubuhi, alikuwa akisema, "Wewe mwenzangu unaanua nguo kwa wingu la jana."

Chumba cha kushonea kilikuwa nyuma ya nyumba. Kulikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kung'olewa vipuri ili ile ya kwanza iendelee kushona, na meza ya kukatia iliyojaa alama za chaki. Dirisha lilitazama uani, na kwa muda mwingi wa mchana dirisha hilo lilijaa kichwa cha farasi. Kilikuwa kichwa kirefu, cha kijivu, chenye ndevu chache nyeupe kidevuni, nacho kilitulia juu ya ubao wa dirisha na kupumulia vitambaa. Wateja wapya waliruka. Wa zamani walimwamkia.

Farasi huyo alikuwa jike, na jina lake lilikuwa Shangazi.

Aliletwa na mume wa Mama Pindo, enzi hizo bado mzima, akifanya kazi ya kukokota matofali kiwandani kwa mkokoteni wa farasi. Kiwanda kiliponunua lori, farasi wote walikuwa waende machinjioni, na yule bwana akamwombea mmoja, aliyekuwa bado kijana. Jioni akaingia naye uani ameshika kigwe, uso umejaa aibu kama mtu aliyeokota paka. Mama Pindo aliziona kwato zile, kila moja ukubwa wa sufuria, akaona na binti yake mdogo ameketi sakafuni, akamnyakua. Mumewe alijaribu kueleza. Alielezwa yeye, tena kwa kirefu, na chakula kilipoa.

Binti mwenyewe ndiye aliyemaliza mjadala. Walimwita Kibiriti kwa kuwa alikuwa mdogo na alikuwa hachelewi kuwaka. Alizaliwa na nyonga ya kushoto isiyokaa sawasawa. Alichelewa kusimama, alichelewa kutembea, na hata akikaa alikuwa anaanza wima, kisha taratibu anaporomokea kushoto kama gunia lililofungwa vibaya. Mama wa mazoezi pale hospitali aliwahi kusema kwamba mtoto wa hivi akipakizwa juu ya mnyama anayetembea polepole, mwendo wa mnyama unafundisha nyonga. Alilisema kama mtu anayesema habari za mbali, maana nani ana mnyama wa kupanda? Basi siku ile Kibiriti alimtazama farasi, farasi akapumua kwa pua kwa nguvu, puuf, na mtoto akacheka akasema huyu ni Shangazi. Kwa kweli wifi alikuwa na pumzi ya namna hiyo hiyo alipochukizwa. Alinuna siku kadhaa. Baadaye alikubali, akasema sawa, ni somo yake, ila watu wajue yeye hali nyasi.

Kuanzia hapo ikawa desturi ya nyumba ile. Jua likipoa, cherehani inafunikwa, Kibiriti anapandishwa. Tandiko la ngozi hawakuwa nalo. Mama Pindo alishona mto wa kukalia kwa vipande vya mapazia, akaujaza pamba na mabaki ya vitambaa, upande wa kushoto akauzidishia ujazo ili uinue ile nyonga. Aliufikiria sana mto ule. Aliuchora, akaufumua, akaushona upya, na hata alipokuwa mwanamke mwenye mvi aliuhesabu kuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Baba alishika kigwe mbele. Mama alitembea upande wa kushoto, mkono wake ukiwa chini ya paja la mtoto bila kumgusa, kama mtu anayekinga mshumaa. Walipita kichochoro cha nyuma ya nyumba, wakazunguka uwanja wenye tangi la maji, wakarudi. Baba alipofariki, Shangazi aliendelea kuijua njia bila kushikwa kigwe, na mama aliendelea na upande wake.

Kibiriti hakuanguka hata siku moja. Watoto wazima wa jirani walianguka kwenye baiskeli, kwenye ngazi, hata kitandani. Huyu wa nyonga mbovu, juu ya mnyama mrefu kama mlango, hakuanguka. Na nyonga ikajifunza. Mtoto akatembea, akaenda shule kwa miguu yake, akawa msichana mrefu mwenye kuchechemea kidogo tu, kiasi cha mtu kudhani kiatu kinambana. Mama Pindo alipoulizwa siri, alisema ni Mungu, na ule mto, na mkono wake uliokuwa tayari. Siku ambazo kushona kulimwendea vizuri, mto ulitangulia kutajwa.

Sasa Kibiriti alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ufundi wa umeme, mji wa mbali. Uwanja wa tangi la maji ulikuwa umezungushiwa mabati, mwenyewe anajenga, na nyasi zimekwisha. Farasi asiye na mahali pa kutembea wala mwenziwe wa kusimama naye hukonda kwa upweke, na Shangazi alikuwa ameanza kusimama siku nzima dirishani bila kusogea. Halafu kulikuwa na yule dalali wa machinjio. Zamani alipita na gari lake bila hata salamu. Siku hizi alipunguza mwendo kwenye uzio, akimwamkia Mama Pindo kwa sauti ya asali na kuuliza mama mkubwa wa kijivu anaendeleaje.

Kibiriti alisema neno moja, na kwa kuwa alilisema bila kuwaka, mama yake alijua ni la kweli. Alisema haondoki mpaka ajue Shangazi atalala wapi. Chuo nacho kilikuwa hakina subira.

Kwa hiyo walipompata Mwalimu, Mama Pindo alimshukuru Mungu kwa sauti. Mwalimu alikuwa mwanamke mkavu, mwenye buti za matope na sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Alikuwa na shule ya kufundishia watu kupanda farasi, kwenye mteremko nje ya mji, penye nyasi na farasi wengine. Alikuja, akamzunguka Shangazi, akaruka juu yake, akaenda mpaka mwisho wa kichochoro na kurudi. Alimpenda. Alihitaji farasi mtulivu wa kubeba watu wazima na kuruka vizuizi vidogo. Alisema kabla hajanunua mnyama yeyote humleta kwanza daktari wa mifugo ampime, hiyo ni kanuni yake hata kama anauziwa na mama yake mzazi. Daktari akimpitisha, Shangazi analala kwake kesho yake.

Mama Pindo hakuona tatizo. Aliona upimaji ni kama kupiga pasi nguo iliyokwisha kushonwa.

Daktari aliyekuja alikuwa mzee mwembamba aliyeongea na wanyama zaidi ya watu. Alimsalimu Shangazi kwanza. Alimtazama machoni kwa kurunzi ndogo, akamfungua mdomo, akanusa pumzi. Alivaa mipira ya kusikilizia moyo, akaiweka nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, akafumba macho kwa muda mrefu mpaka Mama Pindo akaanza kupanga mazishi. Pengine yule mzee aliliona hilo, maana alivua mipira na kumvisha yeye masikioni bila kusema kitu.

Mwanzoni hakusikia chochote. Kisha likaja pigo moja, zito, la chini, kama mtu aliyeweka gunia sakafuni kwenye chumba cha mbali. Akangoja. Ukimya. Alipokuwa ameshakata tamaa, likaja la pili. Moyo wake mwenyewe ulikuwa ukienda kama cherehani, na huu wa Shangazi ulikuwa ukitembea, hauna haraka, hauna hofu na mtu. Miaka yote alipita karibu na ngoma hii akiwa na chombo cha maji mkononi, hakujua kwamba inalia. Alirudisha mipira kwa mikono miwili.

"Moyo mzuri," daktari alisema, na Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha ikaja zamu ya miguu. Daktari alipapasa kila mguu kuanzia juu mpaka kwatoni. Aliinua ule wa mbele wa kulia, akaukunja na kuushikilia umekunjwa hivyo hivyo, kisha akauachia na kumwambia Kibiriti amkimbize farasi mchakamchaka mpaka getini. Shangazi alikimbia vizuri. Wifi, aliyeleta kigoda kabisa ili asipitwe, alisema yeye akikunjwa goti namna hiyo halafu aambiwe akimbie, watu watafute jembe la kaburi.

Daktari alikunja mguu wa mbele wa kushoto. Akauachia. Kibiriti akakimbia na kigwe.

Mama Pindo aliona kabla Mwalimu hajaona. Kichwa cha Shangazi kilipanda kila mguu wa kushoto ulipogusa chini. Kilipanda kidogo tu, kama mtu anayekanyaga kokoto na hataki wenzake wajue. Daktari aliomba azungushwe duara kwenye sakafu ngumu ya saruji, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Upande wa kushoto kichwa kilipanda zaidi. Akaleta mashine ya kupiga picha mifupa kutoka kwenye gari, akapiga, akamwita Mwalimu waangalie pamoja kwenye kioo chake.

Alichosema kilikuwa kifupi. Kifundo cha mguu wa mbele wa kushoto kimelika. Si ugonjwa wa jana, ni wa miaka. Kuruka vizuizi hapana, kubeba mtu mzima kila siku hapana, mbio kwenye ardhi ngumu hapana. Hawezi kumpitisha.

Mwalimu aligeuza ndoo, akaikalia. Hakuwa mtu wa maneno laini na ilionekana anayatafuta. Alisema amesikitika, lakini shule yake inaishi kwa farasi wanaofanya kazi, na mdomo mmoja wa kulisha bure ni mzigo mkubwa. Mama Pindo alimwelewa. Angependa asimwelewe. Nje ya uzio alikuwa hasikii gari lolote, ila masikio yake yalikuwa yameshalisikia lile la dalali likipunguza mwendo.

Kibiriti alikuwa amesimama na farasi. Alichukua brashi, akaanza kumpiga brashi shingoni mahali ambapo tayari palikuwa safi.

"Basi siendi," alisema.

Wifi alishika tama. Mama Pindo alitaka kusema kitu cha kumtia mtoto moyo, akakuta maneno yote aliyonayo ni ya kuogopa.

Daktari alikuwa ameanza kufunga vitu vyake. Alipopita nyuma ya Shangazi aliweka kiganja mgongoni, kwa mazoea tu, kama mtu anavyogusa ukuta akipita gizani. Akasimama. Akarudi. Aliweka viganja viwili, kimoja kila upande wa uti wa mgongo, akavitelezesha kutoka mabegani mpaka nyuma, kisha akavirudisha. Alimwita Mama Pindo aje aweke mikono yake pale pale.

Mama Pindo aliweka mikono, na vidole vyake, ambavyo maisha yao yote yalikuwa kulinganisha upande na upande, vilishtuka. Upande wa kulia ulikuwa mgongo wa farasi. Upande wa kushoto kulikuwa na msuli mnene, mgumu, umepanda kama mshono uliorudiwa mara nyingi. Mwili huu haukukatwa hivi. Mwili huu ulikuwa umevutwa.

Daktari akauliza ni nani anayempanda, na amempanda kwa muda gani. Akaelezwa. Akataka kuona kinachotandikwa. Kibiriti akauleta mto wa mapazia, na Mama Pindo, hata katika majonzi yale, alijisikia kuunyoosha kidogo kabla haujatazamwa. Daktari aliubonyeza. Upande wa kushoto, ule uliozidishiwa pamba, ulikuwa umelala bapa kama chapati. Alibonyeza kulia, akarudi kushoto, akasema kwa heshima kwamba kazi ni nzuri sana, lakini pamba hii ililala miaka mingi iliyopita. Huu mto ulikuwa hauinui kitu.

Kisha akamwomba Kibiriti apande.

Kibiriti alipanda upande wa kulia, kama alivyozoea, kwa sababu mguu wa kushoto haukuwa na nguvu ya kumsukuma juu. Daktari alimwambia alegeze mwili wote, afumbe macho, asijishike popote, na asijirekebishe akihisi anaporomoka. Mama Pindo alipiga hatua kwenda mahali pake pa siku zote. Daktari akamzuia kwa upole, akachukua ule mkono uliokuwa umeshaanza kuinuka, akauweka mgongoni mwa farasi, upande wa kushoto, nyuma ya mto.

"Leo usimtazame binti," alimwambia. "Msikilize huyu."

Mwalimu alivuta kigwe, wakaanza kutembea polepole uani.

Hatua za mwanzo hazikuwa na neno. Joto, manyoya, vumbi. Halafu chini ya kiganja chake kitu kikajikusanya. Msuli ule mnene ulipanda, taratibu, kama unga uliotiwa hamira, bega la kushoto likatoka nje kidogo, na mguu wa mbele wa kushoto ukakanyaga mbali zaidi na kwa uzito zaidi. Mama Pindo akainua macho. Hapo ndipo akaona binti yake akianza kuporomoka kushoto. Hapo, baada ya msuli kupanda. Kibiriti aliteleza upana wa kidole, akakuta mgongo umeshafika unamsubiri, akarudi katikati na macho yake yamefumbwa.

Walizunguka tena. Safari hii Mama Pindo hakupepesa jicho. Kila mara mgongo ulitangulia. Kuna kitu Shangazi alikisikia kwenye nyonga ya yule msichana, pengine pumzi, pengine uzito wa unywele mmoja, kabla mwenyewe Kibiriti hajajua, kabla mama yake mwenye jicho lisilolala hajaona. Na alipokisikia alikuwa akijisogeza chini yake na kuinuka, akimpokea, kisha anashuka tena kungoja cha pili. Alifanya hivyo hatua kwa hatua, bila kelele, kama mtu anayetikisa kitanda cha mtoto kwa mguu huku anachambua mboga.

Mama Pindo aliona jioni zote zile kwa mara moja. Aliona kichochoro, baba wa watu akiwa mbele na kigwe, mtoto juu, yeye kando na mkono wake chini ya paja. Mkono ambao haukuwahi kudaka kitu. Alidhani haukudaka kwa sababu mto ulikuwa umefanya kazi. Alimtazama mtoto miaka yote hiyo, akamtazama mpaka shingo ikauma, na kazi yenyewe ilikuwa ikifanyika shubiri moja chini ya macho yake. Walikuwa wawili kwenye zamu ile. Mmoja alikuwa akiogopa, mwingine akibeba.

"Kifundo kimelika kwa hilo," daktari alisema. "Hakuna aliyemfundisha. Na hakuna aliyemwambia aache."

Wifi alikuwa ameinuka kutoka kwenye kigoda chake. "Somo yangu," alisema. "Na mimi nilikuwa nakasirika kuitwa jina lako."

Mwalimu alikuwa amesimamisha farasi na kumtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama siku ya kwanza. Alikuwa mtu wa farasi tangu utotoni, alisema, na jambo kama hili alilisikia kwa watu, hakuwahi kulishika kwa mkono. Akamwuliza daktari maswali, sasa kama mtu anayepima tena. Daktari akamjibu wazi. Kifundo hakitapona, lakini kinaweza kukaa kilivyo kwa miaka mingi. Atembee tu, kwenye ardhi laini, abebe watoto wepesi, wanaokaa wima. La muhimu kuliko yote, mgongo ule unyooke. Aache kuinuka kushoto. Akiendelea na binti huyu, hata mara moja kwa wiki, kifundo kitakwisha kabisa. Inabidi asahau.

Mwalimu alikwaruza matope kwenye buti. Alisema ana watoto wa kuanza, wale ambao kazi yao ni kuzunguka uwanja wa mchanga wajifunze kukaa tu, na farasi wake wote ni wepesi wa hasira kwa kazi hiyo. Hawezi kutoa bei waliyopatana. Atatoa kidogo. Lakini akishamchukua, hamwuzi tena kwa mtu, na siku ikifika atazikwa pale mteremkoni na wenzake. Ila sharti la daktari ni sharti lake pia: Kibiriti hatampanda tena.

Hapo ndipo moyo wa Mama Pindo ulipogoma. Bei haikumuuma. Kilichomuuma ni lile neno, asahau. Alikuwa ndiyo kwanza amekijua kitu kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutendeka nyumbani kwake, muda mfupi tu uliopita, na sasa anaambiwa kifutwe, kama chaki. Alitaka kusema hapana. Alitaka farasi abaki uani hivyo hivyo alivyo, na mgongo wake uliopinda, wafe wote kwa njaa wakiwa wanajua.

Kibiriti aliteremka. Aliutoa mto, akauweka begani. Alimpapasa Shangazi kwenye ule msuli wa kushoto, kwa mkono uliotandazwa, kwa muda.

"Mama," alisema, "mimi nilishanyooka. Yeye ndiye bado anabeba."

Mama Pindo alimpa Mwalimu mkono, na Mwalimu akaupokea kwa mikono yake miwili ya matope.

Walimpeleka Shangazi wenyewe, wakitembea naye kwa sababu asubuhi ilikuwa ya baridi na njia ya huko ilikuwa ya mchanga. Wifi alisindikiza mpaka kona akasema magoti yake na ya somo yake hayana tofauti, akageuka kabla hawajamwona uso. Mteremkoni farasi wengine watatu walikuja kwenye uzio kumnusa Shangazi. Alipumua, puuf, wakarudi nyuma, kisha wakaja tena. Mama Pindo alikagua kila kitu: paa la banda, maji, misumari iliyochomoza, nyasi kavu kama zina ukungu. Hakupata kosa, akatafuta tena.

Mwalimu alitaka kumjaribu mbele yao. Alimleta mtoto wa kiume mnene, mchangamfu, aliyekaa juu ya Shangazi kama birika mezani. Wakaanza kuzunguka uwanja wa mchanga.

Shangazi alikwenda hatua chache, kisha bega la kushoto likatoka nje, mgongo ukapanda kupokea. Hakikuja kitu. Mtoto yule alikuwa wima, na kuinuliwa kule upande mmoja kulimyumbisha yeye badala ya kumsaidia. Akacheka, akashika manyoya ya shingo. Shangazi alisimama. Aligeuza kichwa, akaunusa mguu wa yule mtoto, kiatu, goti. Akatembea tena. Tena akainuka kushoto, tena hakuna aliyeanguka.

"Anatafuta nini huyu?" Mwalimu aliuliza, ingawa alijua.

Kibiriti alikuwa ameegemea uzio. Hakulia. Alitoa sauti ndogo ya ulimi, ile ya kumwambia Shangazi twende, halafu akajiziba mdomo na kurudi nyuma mpaka kwenye kivuli cha banda, mahali ambapo farasi hakumwona.

Mzunguko wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Wa tatu, karibu na kona ya mbali, Mama Pindo aliona. Mwingine asingeona, ilihitaji mtu aliyekaa miaka akitazama pindo kama limekaa sawa. Mgongo wa kijivu ulianza kupanda, ukasita, ukashuka. Kwa hatua nne, labda tano, uti ule ulikwenda umenyooka kama uzi uliovutwa, mguu wa kushoto ukakanyaga mwepesi, na kichwa hakikupanda. Kisha ukarudi kutafuta.

Mama Pindo alishika ubao wa uzio. Hakujua kwamba jambo linaweza kuwa kubwa likija na likawa kubwa vilevile likiondoka. Kibiriti alitoka kivulini akaja kusimama nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba wakichelewa kidogo tu atakosa basi la kwenda chuoni, na bado hajafunga mabegi yake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwao kwa binti kumharakisha mama.

"Ngoja," Mama Pindo alisema, macho yakiwa uwanjani. "Azunguke tena."